Wawili Kwenye Barafu, na Karatasi Zao

Barafu tunayoijua sisi hapa kambini ni ile ya kunyonya. Mama anagandisha juisi ya ubuyu kwenye kifuko, unang'ata kona, unanyonya, imekwisha. Kwa hiyo jioni ile nilipowawekea vijana video ya mwanaume na mwanamke wanaoteleza kwa kasi juu ya sakafu nyeupe ya barafu, urefu mita 60 na upana mita 30, swali la kwanza halikutoka kwa kijana yeyote. Lilitoka kwa bibi mmoja aliyekuwa anapita kumtafuta mjukuu wake. Akasimama mlangoni, akatazama, akasema: "Bale batu banatembeaka juu ya kioo?"

Tulicheka sana. Lakini bibi hakuondoka. Alikaa mpaka mwisho.

Nilikuwa na sababu ya kuweka video ile. Mimi nasimamia kundi la sarakasi kwenye kituo chetu cha vijana. Humo tulikuwa na wawili waliofanya kazi pamoja tangu wakiwa watoto wa shule ya msingi: mvulana wa chini, anayebeba, na msichana wa juu, anayebebwa na kurushwa. Mwaka jana familia ya mvulana ilipata kesi, wakapanda ndege kwenda nchi ya tatu. Tulimsindikiza hadi kwenye basi. Wiki iliyofuata msichana hakuja mazoezini. Wiki ya pili hakuja. Nilipomfuata nyumbani akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sarakasi ya wawili haifanywi na mtu mmoja, sasa aje kufanya nini?

Sikuwa na jibu. Nilirudi nikaanza kutafuta kwenye simu habari za watu wanaofanya michezo ya wawili, nione wao wakiachwa wanafanyaje. Nilianza na sarakasi, nikaangukia kwenye barafu, na huko nikamkuta mwanamke anayeitwa Aljona Savchenko. Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu yake, bando imeisha mara nyingi, na nimeona niandike hapa kwa sababu historia yake ina mambo mawili tunayoyajua vizuri kuliko watu wengi: kuachwa na mwenzako, na kusubiri karatasi.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana si wetu. Wawili, mwanamke na mwanaume, wanavaa viatu vyenye kisu cha chuma chini ya soli. Wanateleza kwa muziki mbele ya majaji. Wanacheza mara mbili kwa siku mbili: siku ya kwanza mchezo mfupi, karibu dakika mbili na nusu hivi, siku ya pili mchezo mrefu, ambao kwa miaka ninayoizungumzia hapa ulikuwa dakika nne na nusu. Pointi zinajumlishwa. Mwanaume anambeba mwenzake juu ya kichwa kwa mkono mmoja huku anateleza. Anamtupa juu, anazunguka hewani mara tatu kama pia, kisha anamdaka. Halafu kuna ule wa kumrusha mbali: mwanamke anarushwa, anazunguka, anatua mwenyewe kwa mguu mmoja, kwenye kisu chembamba, akirudi kinyumenyume. Akikosea, anaanguka kwenye kitu kigumu kama saruji. Wale wa kundi letu walipoona hilo waliacha kucheka.

Mchezo huu wa wawili uliingia Olimpiki mwaka 1908 huko London, hata Olimpiki ya majira ya baridi ilikuwa bado haijaanzishwa.

Aljona alizaliwa tarehe 19 Januari 1984 katika mji wa Obukhiv, karibu na Kyiv. Leo tunasema Ukraine, lakini siku ile alizaliwa katika Umoja wa Kisovyeti, nchi ambayo ilikufa mwaka 1991 yeye akiwa na miaka saba. Naliweka hili mapema kwa sababu nimelelewa na watu waliozaliwa Zaire. Mama yangu ana cheti cha ubatizo kilichoandikwa Zaire, na kila mahojiano lazima aulizwe ni nchi gani hiyo, naye lazima aeleze upya. Mtu hajatoka nyumbani kwake, nchi ndiyo imeondoka.

Kama wengi wa huko alianza kuteleza akiwa mtoto mdogo, na akaingia kwenye mchezo wa wawili mapema. Mwenza aliyemtoa kimataifa alikuwa Stanislav Morozov. Pamoja walichukua ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2000. Mwaka 2002 walikwenda Olimpiki ya Salt Lake City, Marekani, kwa bendera ya Ukraine, wakamaliza nafasi ya 15. Yeye alikuwa na miaka 18. Kwa umri huo nafasi ya 15 duniani si mbaya hata kidogo. Lakini Morozov alikuwa na majeraha na jozi ikavunjika.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma taratibu. Binti wa miaka 18, 19, anajua kazi yake, mwili uko tayari, bingwa wa vijana wa dunia, na hana wa kumbeba. Katika mbio unakimbia mwenyewe. Hata kwenye mpira, mwenzako akiuzwa wanabaki kumi. Katika mchezo huu, mwenzako akiondoka unabaki na nusu ya kitu, na nusu hiyo haiingii kwenye mashindano.

Mwaka 2003 akasafiri kwenda Chemnitz, Ujerumani, kujaribiwa na kijana aliyekuwa pia hana mwenza. Jina lake Robin Szolkowy. Ukilisoma jina hilo utadhani ni Mpoland. Lakini angalia picha zake, utaona kitu kingine, na hapo ndipo wale wa kundi letu waliponikatiza kwa kelele: huyu si mweusi? Ndiyo. Mama yake ni Mjerumani, muuguzi. Baba yake ni daktari, Mtanzania.

Hilo linahitaji historia kidogo. Robin alizaliwa tarehe 14 Julai 1979 katika mji wa Greifswald, na wakati ule Greifswald ilikuwa Ujerumani Mashariki, ile ya kikomunisti. Ujerumani Mashariki na visiwa vya Zanzibar walikuwa na urafiki tangu Mapinduzi ya 1964. Wakati nchi nyingi zilikuwa zinakataa kuitambua Ujerumani Mashariki, Zanzibar iliitambua. Mpaka leo ukifika Unguja, yale majumba marefu ya ghorofa ya Kikwajuni na Michenzani yana mkono wa Wajerumani hao. Vijana wa Tanzania wakawa wanakwenda kule kusoma, udaktari, uhandisi, uchapishaji. Robin ni mtoto wa wakati huo. Na nchi aliyozaliwa nayo haipo tena: ilimezwa mwaka 1990, akiwa na miaka 11. Kwa hiyo jozi ile ya Chemnitz ilikuwa ya watu wawili ambao nchi zao za kuzaliwa zote mbili zimefutwa kwenye ramani. Hata mji wenyewe wa Chemnitz ulikuwa umebadilishiwa jina. Zamani uliitwa Karl-Marx-Stadt.

Kocha alikuwa Ingo Steuer, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa mchezo wa wawili mwaka 1997 na mshindi wa shaba Olimpiki ya 1998. Alimtazama Aljona akiteleza na Robin, wakakubaliana. Aljona akahamia Ujerumani.

Sasa tufike kwenye karatasi.

Shirikisho la dunia la mchezo huu lina sheria kama ya mpira wa miguu. Ukishawahi kuchezea nchi moja, huwezi kuamka asubuhi ukachezea nyingine. Shirikisho lako la zamani likuachie kwanza, na bado kuna muda wa kukaa nje. Wanaofuatilia ligi wanajua habari ya hati ya uhamisho, ni jambo lile lile. Kwa hiyo wawili hawa walifanya mazoezi kwanza, na mashindano ya kimataifa wakayaanza msimu wa 2004 kwenda 2005. Kwenye ubingwa wa Ulaya na wa dunia inatosha mmoja wenu awe raia wa nchi mnayoichezea. Olimpiki ni kali zaidi: wote wawili lazima muwe raia. Mmoja akikosa uraia, mwenzake naye anabaki nyumbani, hata kama yeye amezaliwa pale na babu zake wamezikwa pale.

Fikirieni hilo. Karatasi yako inamfunga mwenzako. Hapa kambini tunalijua vizuri. Ni familia ngapi zimesimama miaka kwa sababu jina la mtoto mmoja limekosewa herufi?

Aljona alipewa uraia wa Ujerumani mwishoni mwa mwaka 2005. Olimpiki ya Torino ilianza Februari 2006. Walimaliza wa sita.

Na hata hapo mambo hayakutulia. Wiki chache kabla ya Torino ilifichuliwa kwamba kocha Steuer, enzi za Ujerumani Mashariki, alikuwa mtoa habari wa Stasi, yaani usalama wa taifa wa nchi ile. Alikuwa anapeleka taarifa za wanamichezo wenzake. Kamati ya Olimpiki ya Ujerumani ikamwondoa kwenye msafara, yeye akaenda mahakamani, mahakama ikamruhusu asafiri. Lakini serikali haikutaka fedha zake zimfikie mtu wa namna hiyo. Wachezaji wakaambiwa kwa maneno mengi kwamba wakibaki naye wataukosa msaada. Walibaki naye.

Hapa mimi na mhudumu mmoja wa kituo chetu tulibishana. Yeye ni Mtanzania, mtu mzima, namheshimu. Alisema kaka, mtu aliyekuwa anawachongea wenzake kwa usalama wa taifa hafai kufundisha vijana, kwisha. Nilimwelewa. Sisi tumetoka sehemu ambako jirani alimtaja jirani, na watu walikufa kwa kutajwa. Lakini nilimuuliza, Aljona angefanyaje? Alikuwa mtoto wa miaka mitano Ukuta wa Berlin unaanguka, tena hakuwa hata Ujerumani. Kosa si lake, kocha ndiye aliyempokea, na akimwacha anarudi kuwa nusu ya kitu. Hatukumaliza ubishi ule. Mimi nadhani alifanya sawa, na nadhani pia serikali ilikuwa na haki kukataa kumlipa kocha. Yote mawili.

Kilichofuata ni miaka minane ambayo nitaipita haraka kwa sababu ushindi ukirudiwa unachosha kusimulia. Mabingwa wa Ulaya 2007, 2008, 2009, 2011. Mabingwa wa dunia 2008 huko Gothenburg, 2009 Los Angeles, 2011 Moscow, 2012 Nice, 2014 Saitama. Mara tano. Hakuna aliyetilia shaka kwamba walikuwa kati ya jozi bora kabisa za wakati wao.

Ila Olimpiki ikawakataa. Vancouver 2010 walikwenda wakiwa na ubingwa wa dunia mara mbili. Mchezo wao mrefu waliuteleza kwa muziki wa filamu ya "Out of Africa", ile ya mzungu mwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, Kenya. Mtoto wa Mtanzania anateleza kwenye barafu ya Kanada kwa muziki wa filamu ya Kenya iliyotungwa na Waingereza na Wamarekani! Niliwaambia vijana hilo wakasema dunia ni ya ajabu. Wachina wawili wakachukua dhahabu, Wachina wengine wawili fedha, wao shaba.

Sochi 2014, Urusi, ilikuwa chungu zaidi. Dhahabu ile ilikwenda kwa Tatiana Volosozhar na Maxim Trankov wa Urusi. Kumbe huyu Volosozhar naye ni mzaliwa wa Ukraine. Na mwenza wake wa zamani ni nani? Stanislav Morozov, yule yule wa Aljona. Aljona alipoondoka, Morozov alipona akateleza na Volosozhar kwa Ukraine miaka mingi, na kwa muda walifanya mazoezi Chemnitz kwa kocha yule yule Steuer. Morozov alipostaafu, Volosozhar akahamia Urusi, akapata mwenza mpya na uraia mpya, akawa bingwa wa Olimpiki. Yaani wasichana wawili wa nchi moja, waliobebwa na mtu mmoja kwa nyakati tofauti, wakakutana Sochi kila mmoja na bendera ya nchi nyingine.

Mwisho wa mchezo wao mrefu Sochi, Aljona na Robin walikuwa wameweka kitu ambacho karibu jozi zote zilikiogopa: kumrusha mwanamke kwa mtindo wa akseli, mizunguko mitatu na nusu hewani, halafu kutua. Tena sekunde za mwisho, miguu imechoka. Wangeweza kuweka kilicho rahisi. Aljona aliruka, akazunguka, akaanguka. Shaba tena. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na sioni kama ni kosa la hesabu. Nadhani alijua kabisa.

Mwezi uliofuata, Saitama, Japani, wakachukua ubingwa wa dunia wa tano, na Robin akasema inatosha. Alikuwa na miaka 34. Aliingia kwenye ukocha.

Aljona alikuwa na miaka 30, na kwa mara nyingine nusu ya kitu.

Nilisimamisha video hapo, nikamtazama yule msichana wa kundi letu. Alikuwa amekaa nyuma, karibu na dirisha. Alikuja kwa sababu dada yake alimvuta. Hakusema kitu.

Sasa, mtu wa miaka 30 katika mchezo huu ni mzee. Wengi wameshaacha. Yeye akatafuta mwenza wa tatu, akampata Mfaransa, Bruno Massot, mzaliwa wa Caen, mdogo kwake kwa miaka mitano, ambaye hakuwa na jina kubwa. Wakaanza mazoezi. Na Bruno alikuwa ameshaichezea Ufaransa.

Mnajua kinachofuata. Shirikisho la Ufaransa halikumwachia. Msimu mzima wa 2014 kwenda 2015 ukapita wawili hawa wakiteleza mazoezini tu, bila mashindano hata moja ya kimataifa, mmoja akiwa bingwa wa dunia mara tano. Mwishowe aliachiwa mwaka 2015 kwa malipo ya euro 30,000. Sitasema mengi juu ya bei hiyo. Kila anayesoma hapa amewahi kusikia bei ya karatasi fulani.

Kisha uraia. Ili Bruno awe Mjerumani alitakiwa kufaulu mtihani wa lugha ya Kijerumani. Alishindwa kabla ya kufaulu. Huku wakishinda shaba ya dunia mwaka 2016 na fedha mwaka 2017, bado haikuwa na maana yoyote kwa Olimpiki, kwa sababu mtu mzima mwenye misuli ya kumbeba mwanamke juu ya kichwa kwa mkono mmoja alikuwa anakaa usiku na daftari la sarufi. Alifaulu, na uraia ukatoka Novemba 2017. Olimpiki ya Pyeongchang ilikuwa Februari 2018. Chini ya miezi mitatu.

Niweke kando kidogo hapa wakimbizi halisi wa mchezo huu, maana kuna wasomaji watauliza. Aljona hakukimbia vita, alihama kutafuta mwenza. Lakini wapo waliokimbia. Ludmila Belousova na Oleg Protopopov, mume na mke, waliipatia Sovyeti dhahabu ya Olimpiki mwaka 1964 na 1968. Mwaka 1979, wakiwa safarini Uswisi kwa maonyesho, waliomba hifadhi wakabaki. Waliishi Grindelwald, kijiji cha milimani. Uraia wa Uswisi waliupata mwaka 1995. Hesabuni wenyewe: miaka 16. Mabingwa wa Olimpiki mara mbili, miaka 16. Niliposoma hilo nilicheka, si kwa furaha. Kuna watu kijiji chetu wanadhani wanacheleweshwa kwa sababu hawajulikani.

Turudi Pyeongchang, Korea Kusini.

Siku ya mchezo mfupi, Bruno alikosea. Kwenye mruko ambao kila mmoja hufanya mwenyewe, sambamba, alitakiwa azunguke mara tatu akazunguka mara mbili. Pointi 76.59, nafasi ya nne. Wachina Sui Wenjing na Han Cong walikuwa wanaongoza na 82.39. Tofauti karibu pointi sita, na katika mchezo huu pointi sita ni mlima.

Hii ilikuwa Olimpiki ya tano ya Aljona. Alikuwa na miaka 34. Mwenza wa kwanza, nafasi ya 15. Mwenza wa pili, ya sita, shaba, shaba. Na sasa wa tatu amekosea kitu anachokifanya kila siku mazoezini.

Kesho yake, tarehe 15 Februari, wakateleza mchezo mrefu. Hapa nilizima maelezo yangu nikaacha vijana watazame. Muziki wake hauna haraka. Wanaanza kama watu wanaotembea, halafu kasi inaongezeka bila wewe kuona imeongezeka lini. Anatupwa juu, anazunguka, anadakwa, na hausikii kishindo. Anarushwa, anatua. Anarushwa tena, anatua. Kitu ninachokipenda ni kwamba hawasimami kujiandaa. Wabebaji wetu wa sarakasi huwa wanahema na kushika kiuno kabla ya kubeba, hawa wanaingia kwenye kubeba kama mtu anayeendelea na sentensi. Dakika nne na nusu. Muziki ulipokata, Aljona alianguka kwenye barafu kwa hiari yake mwenyewe, analia.

Majaji wakatoa 159.31, rekodi ya dunia wakati ule. Jumla 235.90. Halafu wakasubiri wengine. Wachina walipomaliza jumla yao ilikuwa 235.47.

Pointi 0.43. Vijana walinilazimisha niandike ubaoni ndipo waamini. Mara ya mwisho jozi ya Wajerumani kuchukua dhahabu hiyo ilikuwa mwaka 1952 huko Oslo, Ria na Paul Falk, kabla mama zetu hawajazaliwa.

Mwezi uliofuata walichukua na ubingwa wa dunia huko Milan, wa sita kwake. Kisha hawakushindana tena.

Taa zilipowashwa bibi wa mlangoni akauliza yule wa kwanza, mweusi, alienda wapi. Alikuwa amempenda. Nikamwambia: bibi, alikuwa kocha. Robin alikuwa mmoja wa makocha wa jozi ya Urusi, Tarasova na Morozov (si yule Morozov, mwingine). Jozi hiyo ilikuwa ya pili baada ya mchezo mfupi pale Pyeongchang, mbele ya Aljona. Wakamaliza wa nne. Kwa hiyo Aljona alipopanda kutoka nafasi ya nne kwenda ya kwanza, kati ya aliowapita walikuwamo wanafunzi wa mwenzake wa miaka kumi na moja.

"Banaongeaka?" bibi akauliza. Hilo sijui, bibi.

Yule msichana alikuja mbele wakati nakunja waya. Akataka nimrudishie sehemu ya Sochi, ile ya kuanguka. Si ya dhahabu, ya kuanguka. Nikairudisha. Akaitazama mara tatu, akiweka kidole kwenye kioo cha kompyuta kuonyesha mguu wa kushoto wa Aljona.

"Aliruka na miaka mingapi hapa?"

"Thelathini."

"Na yule Mfaransa alimpata lini?"

"Mwaka huo huo."

Akahesabu kitu kwa vidole. Kisha akauliza yule kijana mpya wa bloku ya nne, mrefu, anayecheza mpira, kama nimewahi kumuona akibeba kitu kizito. Nikasema nimemuona akibeba magunia mawili siku ya mgao.

"Anayumba?"

Nikasema hakuyumba.